Jinsi ya kutunza kumbukumbu za machapisho na manukuu katika uchakataji wa lugha asilia

Mtafiti wa uchakataji wa lugha asilia, yaani fani ya kuiwezesha kompyuta kushughulikia lugha za binadamu, anayefanya kazi Nairobi hudaiwa orodha ya machapisho yake anapoomba ufadhili, anapotaka kupandishwa cheo chuoni, na hata anapoalikwa kuhakiki makala za wenzake. Orodha hiyo haijitunzi. Injini za utafutaji hukusanya kila kinachofanana na jina lake na kuacha zisichokitambua, na watu huyasoma matokeo hayo kabla mwenyewe hajayaona.

Anza na jina, kwa maana hapo ndipo kumbukumbu za Wakenya wengi huvuja. Mwenye majina matatu huandika mawili katika makala moja, yote matatu katika nyingine, na katika ya tatu akatanguliza jina la ukoo. Tazama jina kama Ng'ang'a: ritifaa yake yaweza kuwa alama iliyonyooka au iliyopinda, na wengine huiacha kabisa wakaandika Nganga, hivi kwamba kompyuta ikaona watu watatu. Mũgo na Mugo nao hutenganishwa vivyo hivyo. Chagua umbo moja, liandike vilevile kila mara, na uwaombe waandishi wenzako wasilibadilishe. Kisha jisajili na ORCID, huduma ya bure iliyoanza mwaka 2012, ambayo humpa mtafiti kitambulisho cha tarakimu 16 kisichobadilika hata akihama chuo au akibadili jina. Unapojisajili, weka anwani ya barua pepe ya chuo pamoja na ya binafsi, kwa kuwa ya chuo huenda ikafungwa mkataba wako ukiisha.

Jina likishatulia, nenda kwenye ACL Anthology, ghala la wazi mtandaoni lenye makala za makongamano makuu ya fani hii kama ACL na EMNLP, za warsha nyingi, na za jarida lake liitwalo TACL. Kila mwandishi ana ukurasa wake humo. Ukikuta kazi zako zimegawanywa katika kurasa mbili, au zimechanganywa na za mtu mwenye jina kama lako, omba marekebisho kupitia ukurasa wa mradi huo ulioko GitHub, tovuti ya kuhifadhi miradi ya programu, ukiambatisha viungo vya makala zinazohusika.

Wasifu wako wa Google Scholar, injini ya Google ya kutafuta makala za kitaaluma, unahitaji jicho kali zaidi. Katika mipangilio, chagua kuletewa mapendekezo kwa barua pepe badala ya kuruhusu makala ziongezwe zenyewe, kwani jina la kawaida huweza kukuletea makala za daktari wa mifugo usiyemjua, na kubaki nazo ni kujitwalia jasho la mwingine. Makala iliyowekwa kwanza arXiv, ghala la makala ambazo bado hazijahakikiwa, kisha ikachapishwa kwenye kongamano mara nyingine huorodheshwa mara mbili. Ziunganishe, na uache toleo la kongamano kuwa kuu.

Zielewe takwimu zenyewe kabla ya kuzinadi. Faharasa ya h, iliyopendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, ni idadi kubwa zaidi ya makala ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara idadi hiyohiyo. Mwenye makala tano zilizonukuliwa mara 12, 9, 4, 4 na 1 ana faharasa ya 4. Google Scholar huhesabu pia pale unapojinukuu mwenyewe, na kwa kawaida hupata manukuu mengi kuliko Scopus, hifadhidata ya kulipia ya machapisho. Kwa hiyo taja chanzo na tarehe kila unapoandika takwimu.

Kwa maoni yangu, kinachowaumiza zaidi watafiti wa fani hii ni kamati zilizozoea kupima kazi kwa majarida. Katika uchakataji wa lugha asilia, makala ya kongamano kuu huhakikiwa kwa kina na ndiyo yenye hadhi. Lieleze hilo kwa sentensi moja ndani ya wasifukazi wako, badala ya kutumaini kwamba wanakamati wanalijua. Eleza pia mchango wako katika kazi za wengi. Makala ya MasakhaNER, iliyochapishwa katika TACL mwaka 2021 na inayohusu kuifunza kompyuta kutambua majina ya watu, mahali na mashirika katika lugha 10 za Afrika, Kiswahili na Kijaluo zikiwemo, ina waandishi zaidi ya 50. Aliyeweka alama kwenye data na aliyefunza modeli wote wanastahili sifa, lakini msomaji hawezi kubahatisha nani alifanya nini.

Hatimaye, usiisahau data. Wengi hupakua mkusanyo wa matini uliouandaa wakautumia, kisha wakaweka kiungo tu katika tanbihi, na kiungo cha namna hiyo kwa kawaida hakihesabiwi kuwa nukuu. Weka rekodi ya BibTeX, yaani maelezo ya marejeo yaliyo tayari kunakiliwa, ya makala inayoueleza mkusanyo huo juu kabisa ya ukurasa wake wa GitHub au Hugging Face, tovuti ya kushirikishana data na modeli, jina lako likiwa katika umbo ulilolichagua, ili mtumiaji ainakili bila kuitafuta.