Kupima presha kwa mkono: vidole kwanza, masikio baadaye

Wanafunzi wa uuguzi wanaopita mikononi mwangu wana haraka na stetoskopu, kile kifaa cha kusikilizia mapigo. Ukimwambia mmoja akapime presha, anaichomeka masikioni hata kabla hajamsalimia mgonjwa. Mimi huwaambia waiache mezani kwanza. Presha ikikosewa, mara nyingi imekosewa kabla hata pigo la kwanza halijasikika.

Anza na mtu mwenyewe. Akae kwenye kiti chenye egemeo, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni, miguu isipishane, atulie dakika 5. Kama ametoka kuvuta sigara, kunywa kahawa au kufanya mazoezi, subirini nusu saa. Muulize kama anataka kwenda msalani, maana kibofu kikijaa presha hupanda, na wengi huona haya kusema. Wakati wa kupima hakuna maongezi, hata ya mpimaji. Wazee wangu wa kliniki hawalipendi sharti hili. "Mama, hiyo habari niwekee, utanimalizia nikishaandika," huwa nawaambia.

Mkono uwe wazi. Mkono wa shati ukikunjwa ukabana, ni afadhali avue. Ulaze mezani, kiganja kikiangalia juu, mkanda wa kupimia uje kuwa usawa wa moyo. Mkono ukiwa chini ya moyo kwa sentimita 10, kipimo kinaongezeka kwa milimita 7 au 8 hivi za zebaki, ndiyo vipimo vya presha. Asiuinue kwa nguvu zake mwenyewe, misuli ikikaza nayo inapandisha.

Kisha mkanda. Mfuko wa hewa ulio ndani yake unatakiwa uzunguke karibu asilimia 80 ya mzunguko wa mkono. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa kuliko ilivyo, na mtu anaweza kuanzishiwa dawa za maisha kwa sababu ya kipande cha kitambaa. Papasa mkunjo wa kiwiko, upande wa ndani, mpaka uhisi ateri ikidunda. Alama ya katikati ya mfuko ikae juu ya ateri hiyo, na ukingo wa chini wa mkanda uwe sentimita 2 hadi 3 juu ya mkunjo.

Sasa hatua ambayo wengi wanairuka. Shika mapigo kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, funga skrubu ya pampu, jaza hewa huku ukitazama geji, ile saa yenye mshale unaoonyesha presha. Mapigo yakipotea chini ya vidole vyako, soma. Tuseme ni 130. Ongeza 30, upate 160: hapo ndipo utakapofikisha mshale utakaposikiliza. Toa hewa yote, ngoja dakika moja.

Kwa nini usumbuke? Kuna watu, hasa wenye presha ya juu, ambao sauti za mapigo yao kwenye stetoskopu hukatika katikati kisha zikarudi. Chukua mtu mwenye 190. Sauti zinaanza kwenye 190, zinapotea kwenye 170, zinarudi kwenye 150. Wewe uliyezoea kujaza mpaka 160 kwa kila mtu unakuta kimya, unasikia pigo kwenye 150, unaandika 150. Vidole haviathiriwi na ukimya huo. Na si mbinu ngeni: Riva-Rocci wa Italia alipoleta mkanda wake mwaka 1896 alipima namba ya juu kwa kushika mapigo tu. Kusikiliza kulikuja mwaka 1905 na daktari Mrusi, Nikolai Korotkoff.

Haya, vaa stetoskopu. Vichwa vya masikioni vielekee mbele, upande wa pua. Gonga diski taratibu kwa kidole uhakikishe inasikika, iweke juu ya ateri bila kuikandamiza wala kuichomeka chini ya mkanda. Jaza upesi mpaka namba yako, kisha legeza skrubu kidogo tu, mshale ushuke 2 hadi 3 kwa sekunde. Ukiuachia mbio, unaweza kushuka 10 kati ya pigo na pigo, na hujui ulipokuwa.

Mshale utaanza kurukaruka kabla hujasikia kitu. Usiuandike, subiri sikio. Mapigo mawili mfululizo yaliyo wazi, tu, tu: hiyo ndiyo namba ya juu. Sauti zitakolea, zitafifia, kisha zitanyamaza: hapo ni namba ya chini. Endelea kusikiliza mshale ukishuka 10 nyingine ndipo uachie hewa yote. Kwa baadhi ya wajawazito na watoto sauti huendelea mpaka 0, basi andika pia mahali zilipofifia ghafla. Vistari vya geji vinakwenda mbili mbili, kwa hiyo 138 iandikwe 138. Daftari lenye 140, 130 na 120 tupu linanitia shaka.

Hukusikia vizuri? Usijaze tena katikati. Toa hewa yote, ngoja dakika, anza upya. Hata ukisikia vizuri, pima mara mbili uchukue wastani, na siku ya kwanza pima mikono yote miwili, kisha ufuate wenye namba kubwa. Usiguse mkono wenye dripu wala wenye mshipa uliotengenezwa kwa ajili ya mashine ya kusafisha damu.

Kipimo kimoja cha 140 kwa 90 hakitoshi kumwita mtu mgonjwa, kirudiwe siku nyingine. Lakini 180 kwa 120 pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi au udhaifu wa upande mmoja, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Ukimaliza, tazama mshale. Ukigoma kurudi 0, usipunguze tofauti kichwani. Kifaa kiende kwa fundi.