Somo: Kupima msuguano wa gurudumu na reli kwenye kona

Wadau wa njia, salaam. Somo hili linahusu kona kali, mfano zile za TAZARA kati ya Mlimba na Makambako, reli inapopanda milima.

Magurudumu mawili ya ekseli moja huzunguka pamoja, lakini safari zao hazilingani. Kwenye njia ya upana wa milimita 1,067, treni ikigeuka robo duara, reli ya nje huizidi ya ndani kwa karibu mita 1.8, kona iwe kali au pana. Gurudumu limechongwa mshazari ili kufidia tofauti hiyo. Kona ikiwa kali, mshazari hautoshi: gurudumu huburuzika na ukingo wake husaga ubavu wa reli ya nje. Kwa hiyo mgongo wa reli (juu, gurudumu linapokanyaga) na ubavu wake (upande wa ndani, ukingo unapogusa) vipimwe kila kimoja peke yake. Anayetoa namba moja kwa kona nzima hajapima.

1. Pata kibali cha kuingia njiani na uweke walinzi wa bendera pande zote mbili. Hapa hakuna mjadala.

2. Tazama kabla ya kupima. Magamba ya chuma chini ya reli ya nje yanaonyesha ubavu umekauka.

3. Sukuma tribomita (kifaa cha kupima msuguano) juu ya mgongo wa reli zote mbili, kisha pima ubavu wa reli ya nje. Anzia sehemu iliyonyooka, ingia konani, malizia kwenye kutokea. Kila kituo andika umbali kutoka kwenye mashine inayopaka grisi ubavuni, maana grisi husambazwa na magurudumu yenyewe na huisha njiani.

4. Andika hali ya hewa, joto la reli na muda tangu treni ya mwisho ipite.

5. Linganisha namba za msuguano (kadiri namba ilivyo ndogo, ndivyo reli inavyoteleza). Mgongoni tunataka 0.30 hadi 0.40, ubavuni isizidi 0.25. Migongo ya reli mbili isipishane kwa zaidi ya 0.1. Reli kavu hufika 0.5 au zaidi.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, kwa nini tusipake grisi hadi mgongoni, kelele ziishe kabisa?
Hapana, ndugu. Kichwa cha treni kitateleza mlimani, na breki zitakosa mshiko kwenye mteremko. Mgongo una dawa yake maalumu, inayoshusha msuguano bila kuuua.

Mkuu, sisi hatuna tribomita.
Futa ubavu kwa karatasi nyeupe kila baada ya mita kadhaa. Alama nyeusi ikikoma, hapo ndipo grisi inapoishia. Hupati namba, ila utajua mashine ihamishiwe wapi.

Nikipima baada ya mvua?
Namba itashuka, nawe utadhani kona ni nzima. Rudia reli ikikauka, na uweke vipimo vyote viwili kwenye daftari.