Spora za kangaga hazifukiwi

Wenye vitalu vya maua, tusikilizane. Naonyeshwa trei tupu za kangaga, halafu naambiwa "mbegu zilikuwa mbovu". Hazikuwa mbovu. Mmezifukia.

Mkrismasi, ule mti wa maua mekundu, mnaujua: mbegu yake ngumu mnaimwagia maji ya moto, inalowa hadi kesho yake, mnaifukia sentimita 1 au 2, na kwa wiki mbili hivi imeshachomoza. Ina nguvu ya kusukuma udongo kwa kuwa ndani mna mche mchanga na akiba ya chakula. Spora ya kangaga, inayoshika nafasi ya mbegu, ni seli moja tu, ndogo kama vumbi, na bila mwanga haioti. Udongo wa milimita 2 juu yake unatosha kuizuia isiote.

Kata jani lenye madoa ya kahawia upande wa chini kabla hayajapasuka. Yakishachakaa, umechelewa. Litie kwenye bahasha ya karatasi siku 2 au 3 mahali pakavu. Vumbi litakalodondoka ndilo spora. Mfuko wa nailoni hapana, utafuga ukungu.

Changanya mboji iliyochekechwa na mchanga, nusu kwa nusu, kisha mwagia maji yanayochemka. Yanayochemka, si ya vuguvugu! Funika, subiri ipoe kabisa. Mwenye haraka anapika spora zake mwenyewe. Pukutisha kiasi cha ncha ya kisu juu ya udongo, basi. Usifukie, usikandamize. Funika kwa kioo au nailoni angavu, uweke kivulini penye mwanga. Maji yapande kutoka chini, trei ikiwa ndani ya sinia la maji yaliyochemshwa na kupoa. Keni ya kumwagilia itazisomba spora zote pembeni.

Kati ya wiki 3 na 8 utatanda ukijani wa vipande vidogo vyenye umbo la moyo. Hapo ndipo wengi wanamwaga trei, wakidhani ni ukoga. Mkrismasi ulirutubishwa mtini, kwenye ua. Kangaga linarutubishwa humo humo kwenye trei, mbegu za kiume zikiogelea majini, kwa hiyo pulizia ukungu wa maji kila baada ya siku 2, kwa bomba ambalo halijawahi kubeba dawa.

Vijani vilivyojikunja vikitokeza, umefaulu. Vikifika sentimita 3, hamisha kwa vishada.

Yale makangaga ya kuning'iniza barazani, gawanya mashina tu. Mengi yake hayatoi spora zinazoota.