Mati ya lazima: jinsi ya kuisaka kwenye fumbo la chesi

Panga ubao kabla ya kuendelea kusoma (herufi ni safu ya wima, namba ni mstari wa mlalo). Mweupe: mfalme g1, malkia c4, farasi g5, askari f2, g2 na h2. Mweusi: mfalme h8, malkia b2, ngome e8, askari a7, g7 na h7. Zamu ni ya mweupe, na kuna mati (mfalme anashambuliwa na hana pa kuponea) ya hatua 4.

Usianze na kete zako. Mwangalie kwanza mfalme wa mweusi: ana pa kukimbilia? g7 na h7 zimezibwa na askari wake mwenyewe. Imebaki g8, nayo inatazamwa na malkia wa c4. Mfalme huyu hana pumzi.

Kisha angalia mweusi anataka nini. Anataka kushusha ngome e1. Ndiyo maana malkia kwenda f7, hatua inayovutia kwa kuwa inatishia ngome ya e8, ni kosa la kufa: ngome inatua e1 na mweupe ndiye anayekula mati. Hapa kila hatua yako lazima iwe shaha, yaani shambulio kwa mfalme ambalo mpinzani analazimika kulijibu.

Sasa hesabu shaha zote ulizonazo, hata zile zinazoonekana za kijinga. Ziko 2 tu: malkia g8 na farasi f7.

Malkia g8 huwadanganya wengi. Wanaona ngome ikimla malkia, farasi anaruka f7, mati. Lakini mfalme mwenyewe anaweza kumla malkia, kwa sababu farasi akiwa g5 hailindi g8. Umebaki na farasi mmoja dhidi ya malkia na ngome. Kosa hapa ni kumchagulia mpinzani jibu unalolitaka wewe. Mpe daima lile linalokuumiza zaidi.

Basi ni farasi f7. Farasi huyo anaikata njia ya malkia wako, kwa hiyo g8 inafunguka, na mfalme hana jibu jingine ila kwenda huko. Hatua ya pili, farasi h6. Hii ni shaha ya kete mbili kwa pamoja, ya farasi na ya malkia. Askari wa g7 anatamani kumla farasi, lakini shaha ya malkia ingebaki palepale. Mfalme lazima ahame. Akienda f8, malkia anatua f7 na mchezo umeisha, maana farasi wa h6 anamlinda. Akirudi h8, ndipo malkia anajitoa g8. Safari hii farasi yuko h6, mfalme hawezi kula. Ngome inalazimika kula, na kwa kula inaziba mlango wa mwisho wa mfalme wake. Farasi f7, mati.

Anayechoka njiani hurudisha farasi f7 kwenye hatua ya tatu. Mfalme anarudi g8, mnazunguka, na hali ileile ikitokea mara 3 mweusi anadai sare.

(Wengi huiita mati hii kwa jina la Philidor, mchezaji chesi wa Ufaransa, ila mwandishi Lucena aliichapisha Hispania mwaka 1497, zaidi ya karne mbili kabla Philidor hajazaliwa.)

Unapofanya mafumbo kwenye simu, usibonyeze hatua ya kwanza eti uone kama programu itaikubali. Itaje njia nzima kwanza, pamoja na tawi la mfalme f8. Ukikwama dakika kama 10, tazama jibu, kisha lirudie fumbo hilo kesho bila msaada.

Ukishaielewa, mhamishe malkia mweusi kutoka b2 hadi b7, ujaribu tena. Farasi f7, malkia mweusi anamla. Ukimla kwa malkia wako, ngome inashuka e1: mati, na aliyekufa ni mweupe.