Unameza dawa za sukari na unataka kulinda ini? Soma hii kabla hujanunua kopo la kirutubisho

Watu wengi wenye kisukari aina ya pili wana mafuta kwenye ini na hawajui, maana ini haliumi mapema, mtu anakuja kuambiwa siku kapigwa ultrasaundi kwa shida nyingine kabisa. Hapo ndo anaanza kutafuta manjano ya vidonge, unga wa mlonge, habasoda. Kutaka kujisaidia ni vizuri ila fuata utaratibu.

Kwanza pima. Omba vipimo vya damu, ALT na AST za ini, na kreatinini ya figo pia kwasababu metfomini, ile dawa ya sukari, inatolewa mwilini na figo. Majibu yatunze, usipokuwa nayo basi baada ya miezi mitatu hutajua kama kile kirutubisho kimekusaidia au kimekuumiza.

Halafu angalia dawa unayotumia ni ipi. Metfomini peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi, lakini kama uko kwenye glibenklamidi au insulini halafu ukaongeza mlonge, habasoda au karela, vinaweza vikasaidiana na dawa mpaka sukari ikaenda chini ya 4 (mmol/L), unatoka jasho, unatetemeka, njaa inakushika ghafla. Wiki za mwanzo tumia mashine yako ya kupima sukari mara nyingi zaidi, na dozi ya hospitali usiiguse wala usiiache eti umepata ya asili, tafadhali sana.

Sasa kwenye manjano naomba tuelewane. Kijiko kwenye mchuzi ni chakula, endelea tu. Kidonge ni kitu kingine, geuza kopo usome nyuma, ukikuta piperine hiyo imetoka kwenye pilipili manga, wanaiweka ili kurkumini, yaani kile kiini cha manjano, ifyonzwe kwa wingi zaidi, na kuna watu wameripotiwa kuumia ini kwa vidonge vya namna hiyo hiyo, yaani ini lile lile walilokuwa wanalilinda! Chai ya kijani hivyo hivyo, kikombe hakina neno, ila vidonge vyake mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilishaonya mwaka 2018 kwamba EGCG, kemikali iliyomo kwenye chai hiyo, ikifika miligramu 800 kwa siku inaweza kupandisha vipimo vya ini. Vitamini E nayo inasifiwa sana, lakini ule utafiti mkubwa wa Marekani wa 2010 ulifanywa kwa watu wenye ini la mafuta wasio na kisukari, kwahiyo usijipimie mwenyewe.

Ukiamua kutumia, anza na kimoja tu, usichanganye vitatu kwa pamoja, mwonyeshe daktari wa kliniki kopo lenyewe, na ya kupimiwa kwenye mfuko bila lebo achana nayo.

Ila kwa maoni yangu hela ya kopo ingenunua mboga za majani na raba za kutembelea, maana kama una uzito mkubwa, kupunguza asilimia 7 mpaka 10 kunasaidia ini kuliko vidonge vyote hivyo, yaani mtu wa kilo 90 ashushe kama kilo 6 mpaka 9. Na pombe acha.

Ukiona mkojo umekuwa kama chai ya rangi, macho ya njano, mwili unawasha au kichefuchefu kisichoisha, acha kirutubisho siku hiyo hiyo uende hospitali na kopo lako mkononi.