Taa ya kwanza ya studio ya picha: nunua moja tu

Kabla hujauliza bei ya taa yoyote, pima chumba. Changu hapa Katindo, Goma, ni cha mbao, mita tatu kwa nne. Nilianza na seti ya taa tatu za balbu, zile zinazowaka muda wote, kwa sababu kwenye boksi zilipendeza. Zilijaza chumba mpaka mteja akawa anakaa mgongo ukutani, kivuli kimemganda nyuma kama pacha. Siku moja umeme ukakatika, uliporudi ukarudi kwa nguvu, balbu mbili zikafa pamoja.

Kwa hiyo, kwa mji wetu: flashi moja, yenye betri yake. Ya jouli 200 (ndicho kipimo cha nguvu ya flashi) inamtosha mtu mmoja, hata familia ndogo. Unachaji usiku umeme ukiwapo, mchana hujali. Kama wateja wako wanataka video pia, hapo lazima taa inayowaka muda wote, kama ya LED, maana flashi haina kazi kwenye video.

Pesa inayobaki itie kwenye softboksi, yaani boksi la kitambaa linalovikwa mbele ya taa, na usiibanie. Mwanga unalainika kadiri kinachoutoa kinavyokuwa kikubwa na karibu na uso. Tafuta ya pembe nane, sentimita 90 hadi 120, uiweke kama mita moja kutoka kwa mteja. Mwavuli ni rahisi zaidi, lakini katika chumba kidogo unamwaga mwanga kila upande. Ukuta wangu ulikuwa wa kijani, na shavu la bibi harusi mmoja likatoka rangi ya sombe. Nilipaka ukuta kijivu wiki hiyohiyo.

Watakuambia ngozi nyeusi inataka taa kali. Sikubali. Ngozi yetu inajieleza kwa mng'ao, na taa ndogo kali inaufanya mng'ao huo kuwa madoa ya jasho kwenye paji la uso. Taa kubwa, ubavuni kidogo, juu kidogo ya macho, inautandaza taratibu. Angalia mboni: usipoona nukta ya mwanga ndani yake, taa umeipandisha mno. Upande wa pili simamisha kipande cha frigoliti nyeupe, lile povu gumu la kufungashia, kutoka boksi la friji, kirudishe mwanga usoni. Huhitaji taa ya pili.

Na pazia la nyuma ya mteja? Ukiisogeza taa kutoka mita moja hadi mbili, mwanga unaomfikia mtu unabaki robo. Basi taa ikiwa karibu na mteja na pazia likiwa mbali nyuma yake, kitambaa kilekile cha kijivu kinageuka karibu cheusi.

Kwenye kamera anzia ISO 100 (wepesi wa kuhisi mwanga), f/8 (uwazi wa lenzi), 1/160 ya sekunde (kasi ya shata), kisha punguza au ongeza nguvu ya flashi. Ukipita kasi ya 1/200 au 1/250, kamera nyingi zitakuletea ukanda mweusi kwenye picha.

Mguu wa taa ufungie mfuko wa mawe. Hapa Goma lava ya volkano ya 2002 haiuzwi, unaokota tu. Dukani piga flashi mara thelathini mfululizo kwa nguvu yote, muuzaji anune akipenda, uone kama inachelewa kujaa. Uliza kama inapokea softboksi za mdomo wa Bowens, aina ya kifungio cha mbele ya taa, maana hizo zipo nyingi. Na rimoti ya kuilipua flashi kutoka kwenye kamera iwe ya aina inayofaa kamera yako: ya Canon haiendi kwenye Nikon. Mimi sikuuliza, nikarudi dukani Birere jioni ileile kwa pikipiki, boksi mapajani.