Kutabiri Baridi ya Aktiki Kabla ya Noeli: Mwongozo kwa Msafiri wa Lubumbashi

Anayetoka Lubumbashi kwenda Brussels kwa Noeli asitegemee picha ya theluji inayotokea kwenye simu siku kumi kabla, kwani hiyo ni tokeo moja tu kati ya mengi ambayo kompyuta zimekokotoa. Kwa utabiri unaozidi siku saba, asome uwezekano kwa asilimia.

Aanze na ramani ya mgandamizo wa hewa. Mgandamizo mkubwa ukituama juu ya Greenland au Skandinavia, huzuia upepo wa magharibi unaoleta uvuguvugu wa Atlantiki, na hewa ya Aktiki, yaani ya eneo la Ncha ya Kaskazini, hupata njia ya kushuka kusini. Ramani ikionyesha hali hiyo asubuhi na jioni kwa siku tatu mfululizo, mimi huiamini na kumhimiza msafiri afungashe koti zito.

Theluji ni jambo jingine. Baridi kali mara nyingi huja na anga kavu, kama alfajiri zetu za Julai, ambapo pumzi huonekana kama moshi mdomoni lakini tone la mvua halidondoki. Kwa hiyo atafute pia mawingu yenye unyevu, kisha aangalie joto la hewa karibu na ardhi: likikaribia nyuzi 0, theluji hubaki. Likifika 3, kwa kawaida hunyesha mvua tu.